Paprika si moja: namna ya kuchagua, na cha kuweka ukiwa huna

Siku nimejua kwamba paprika si kitu kimoja nilikuwa nimeshaharibu sufuria nzima, kuku wawili wazima, na wageni wako sebuleni. Resipe ilisema vijiko viwili vya chakula vya paprika, mi nikaona kopo limeandikwa paprika nikamimina, kumbe lile kopo ni la paprika ya moshi na resipe yenyewe ilikuwa ya Kihungaria, inataka paprika tamu. Mchuzi ukanuka kama umepikiwa ndani ya bomba la moshi. Wageni walikula kwa adabu, mmoja akauliza taratibu kama kuku aliungua kidogo.

Tangu hapo kabla sijafungua kopo lolote najiuliza swali moja tu: kwenye hii sufuria paprika inafanya kazi gani? Maana inaweza kuwa imewekwa kwa ajili ya rangi, au ule utamu wake wa hoho iliyoiva, au moshi, au ukali, na mara nyingi ni mawili kati ya hayo kwa pamoja. Ukishajua kazi yake, kuchagua kunakuwa rahisi na kubadilisha kunakuwa rahisi zaidi. Usipojua unabahatisha tu kama nilivyobahatisha mimi.

Kwanza jua ulichoshika

Paprika ni pilipili nyekundu zilizoivia shambani, zikakaushwa, zikasagwa. Basi. Kibaiolojia ni Capsicum annuum, spishi ileile ya hoho, na asili yake ni Amerika, Ulaya walikuja kuijua baada ya zile safari za Columbus zilizoanza 1492. Hungaria iliwafikia enzi za Waturuki, wakaishika kweli kweli, mpaka leo ukitaja paprika watu wanataja miji yao ya Szeged na Kalocsa. Hapohapo Szeged ndo mwanasayansi Albert Szent-Györgyi alitumia hizi pilipili kupata vitamini C kwa wingi miaka ya 1930, na 1937 akapewa Nobel. Mwenyewe alisimulia kwamba mke wake alimwekea pilipili kwenye chakula cha jioni, hakuwa na hamu nayo, akaona bora aipeleke maabara. Mtu kakwepa mboga kaishia kwenye Nobel, sijui niwaambie nini watoto.

Ukali wa pilipili unatoka kwenye kapsaisini, na hiyo imejaa kwenye ule utando mweupe unaoshikilia mbegu, sio kwenye nyama ya pilipili na wala sio ndani ya mbegu kama wengi tunavyoamini (mbegu zinakuwa kali kwa sababu zimegusana na utando). Kwa hiyo kiwandani wakitoa utando na mbegu wakasaga nyama peke yake unapata unga mtamu, mwekundu unaowaka, wakiacha utando unapata unga mkali na rangi inapauka. Na wakulima nao wamechagua mbegu za pilipili zisizo kali kabisa.

Neno tamu hapa lisikuchanganye. Kwenye paprika tamu maana yake ni haiwashi, hamna sukari iliyoongezwa. Ila pilipili yenyewe ina sukari yake ya asili, na hiyo sukari kumbuka, tutairudia tukifika kwenye kikaango maana ndo inayotuunguzia chakula.

Kusoma lebo

Kopo lililoandikwa "paprika" tu bila maelezo, chukulia ni ile ya kawaida, laini, haina moshi, na mara nyingi ladha yake ni ndogo. Kwa kunyunyizia juu ya chakula kipendeze inatosha. Kubeba pishi zima haiwezi, usiilaumu.

Za Hungaria zina madaraja na majina yanatisha kidogo ila yanasomeka. Különleges ndo laini kuliko zote, nyekundu, haiwashi. Csemege ni laini pia na ina harufu nzuri, ila ukiona mbele yake wameandika csípős ujue imetiwa ukali. Édesnemes ndo utakayokutana nayo sana, maana inauzwa nje kwa wingi, ni tamu yenye ukali wa mbaali, na kama unanunua kopo moja tu la kupikia michuzi nunua hili. Félédes ni nusu kwa nusu. Rózsa imepauka kidogo na inawasha wastani. Erős ni kali, rangi yake inaelekea kahawia. Umeona hapo, nyekundu sana ndo laini na iliyopauka ndo kali, kinyume kabisa na macho yanavyotarajia, na watu wengi wanateleza hapohapo.

Za Uhispania zinaitwa pimentón. Dulce ni tamu, picante ni kali, agridulce iko katikati, ina uchungu kidogo wa kupendeza. Sasa jambo la muhimu kuliko ukali ni eneo ilikotoka. Ikiandikwa de la Vera, hiyo ni ya moshi, inatoka Extremadura, mkoa wa Cáceres. Kule vuli ina mvua na unyevu, huwezi kuanika pilipili juani zikakauka, kwa hiyo wanazipandisha kwenye vibanda, chini wanawasha kuni za mwaloni, na kila siku mtu anazigeuza kwa mkono, karibu wiki mbili. Ndo maana moshi umeingia mpaka ndani, haukunyunyiziwa juu. Ya Murcia ni habari nyingine, kule ni kukavu, jua linafanya kazi, kwa hiyo haina moshi kabisa, ni tamu na nyekundu. Wote ni Uhispania, wote wanaandika pimentón, na ukiichukua moja ukidhani ni nyingine utarudia kosa langu la kuku. Ukiona neno ahumado basi ni ya moshi.

Angalia na orodha ya viambato nyuma ya pakiti. Iwe ni pilipili peke yake. Ukikuta chumvi, wanga, rangi, huo ni mchanganyiko na vipimo vyako vitakwenda kombo. Na nunua iliyofungwa vizuri kwa mtengenezaji anayejulikana, manake huu unga unachakachuliwa, mwaka 1994 kule kule Hungaria watu waliumwa kwa sababu paprika ilikuwa imechanganywa na oksidi ya madini ya risasi ili ionekane nyekundu.

Kupima uliyonayo kabla haijaingia kwenye sufuria

Inachukua dakika mbili na inaokoa mlo. Fungua unuse. Nzuri inanuka kama hoho iliyoiva iliyopigwa jua, na ya moshi utaijua hata mfuniko haujatoka vizuri. Ikinuka vumbi au karatasi imekufa. Kisha chukua mafuta ya moto kijiko kimoja, yawe ya moto ila yasiwe yanatoa moshi, weka unga kidogo kwenye kisahani umimine mafuta juu, subiri kidogo, chovya kipande cha mkate uonje. Mafuta yakigeuka mekundu kama machweo na ladha ikajaa mdomoni, iko hai. Yakibaki na rangi ya kutu na ladha hamna, usiongeze vijiko ukidhani utafidia, utapata tu mchuzi wenye chenga chenga.

Kulamba unga mkavu kidoleni sio kipimo kizuri. Rangi, harufu na hata ule ukali wa paprika vinayeyuka kwenye mafuta, sio kwenye maji, kwa hiyo ukilamba mkavu unaonja nusu ya kitu.

Ipi kwa pishi gani

Michuzi ya nyama inayochemka muda mrefu na kitunguu kingi, zile za mtindo wa gulashi na pörkölt, au kuku wa krimu chachu, weka tamu ya Hungaria, na usiwe bahili. Kijiko kimoja cha chakula kilichojaa kwa nusu kilo ya nyama ni kawaida kabisa, pale paprika sio kiungo cha pembeni, ndo mchuzi wenyewe.

Maharage, dengu, viazi vya kuoka, mayai, samaki, na chochote ambacho ungependa kionekane kimepita kwenye makaa wakati hakijapita, hapo ya moshi. Lakini kidogo! Nusu kijiko cha chai kwa sufuria ya watu wanne, onja, halafu ndo uongeze. Wasioila nyama wanaipenda sana hii kwa sababu inaipa maharage ule uzito ambao wengine wanaupata kwa kutia nyama ya kukaushwa kwa moshi.

Nyama ya kuchoma unayopaka viungo vikavu, changanya tamu vijiko vitatu na ya moshi kimoja. Ya moshi tupu juu ya moshi wa mkaa wa kweli inazidi, nimejaribu, inakuwa kama mtu aliyejipulizia manukato mawili.

Kunyunyizia mwishoni bila kupika, mfano juu ya mayai ya kuchemsha au supu ya krimu au pweza kama wanavyofanya Galicia kule Uhispania na mafuta ya zeituni na chumvi, tumia kopo lako zuri kuliko yote. Hapo unga unaliwa mbichi, hamna pa kujificha. Watu wanafanya kinyume, la zamani wanalimalizia kwa kunyunyizia kwa sababu eti ni urembo tu.

Namna ya kuiweka kwenye sufuria

Hapa ndo wengi tunapoharibu, hata ukiwa na kopo la bei mbaya. Ile sukari niliyosema inaungua haraka sana, kwenye mafuta ya moto ni sekunde chache tu, na ikishaungua ni chungu na huo uchungu hautoki.

Kaanga kitunguu chako kwa moto mdogo mpaka kilainike na kianze kuwa cha dhahabu, usiwe na haraka. Kisha toa sufuria kwenye moto. Sio kupunguza moto, toa kabisa, weka pembeni uhesabu mpaka kumi au ishirini hivi. Sasa weka paprika, koroga haraka ishikane na mafuta na kitunguu, harufu itapanda yenyewe na mafuta yatageuka mekundu, na kabla hujaanza kusifia tia kitu chenye maji, nyanya, supu, au hata nusu kikombe cha maji tu, ndo urudishe kwenye moto. Kutoka unga kugusa mafuta mpaka maji kuingia isizidi nusu dakika. Kwa hiyo maji au nyanya viwe tayari pembeni kabla hujaanza, usije ukaanza kutafuta kifungua kopo wakati paprika iko ndani.

Ya moshi pia inapenda mafuta ila inavumilia kuwekwa katikati ya mapishi. Ile harufu yake ya juu inapungua ikichemka sana, mi huwa naweka nusu mwanzo na nusu dakika tano kabla ya kuepua.

Kwenye nyama ya kuchoma moto mkali, paprika ya juu itaungua tu, hakuna namna. Changanya na mafuta kwanza, choma pembeni ya makaa sio juu yake, au paka safu ya pili nyama ikikaribia kuiva.

Ukiwa huna: kubadilisha

Kumbuka zile kazi nne. Unabadilisha kazi, hubadilishi jina la kwenye kopo.

Una ya moshi, resipe inataka tamu. Hii ndo ngumu, kwa sababu moshi hautoki. Kama resipe inataka kijiko kimoja cha chakula, weka ya moshi robo yake tu, na ile nafasi ya rangi na utamu iliyobaki ijaze kwa nyanya ya kopo kijiko kimoja au kimoja na nusu, iliyokaangwa mpaka iwe nyekundu iliyokolea. Itakuwa pishi lingine kidogo ila litalika. Hoho nyekundu iliyochomwa ngozi ikatolewa na kusagwa kwenye blenda ni nzuri zaidi, inaleta ule utamu wenyewe, ila ina maji mengi kwa hiyo punguza supu.

Una tamu, resipe inataka ya moshi. Rahisi. Weka tamu kipimo kilekile halafu tafuta moshi sehemu nyingine. Unga wa chipotle, ambayo ni pilipili ya jalapeño iliyokaushwa kwa moshi, unafaa sana ila unawasha, kwa hiyo kijiko cha chai cha paprika ya moshi kinakuwa tamu karibu kijiko kizima na chipotle ncha ya kisu. Matone mawili ya moshi wa maji wa chupa yanatosha, matatu yamezidi. Chumvi ya moshi nayo inafanya kazi ila toa chumvi ya kawaida. Na kama kuna makaa yanawaka, choma kitunguu na nyanya zako mpaka zibabuke ndo uzipike, utapata moshi wa bure. Soseji ya chorizo ya Kihispania nayo ni mlango wa nyuma, rangi yake ile ni pimentón, kaanga vipande vichache, mafuta mekundu yanayotoka pikia humohumo.

Unataka kali na unayo tamu? Kwa kila kijiko cha chakula cha tamu tia robo kijiko cha chai cha pilipili kali ya unga. Onja, ongeza. Usifanye kamwe kinyume chake, yaani kuweka pilipili kali ya unga kwa kipimo cha paprika, kwa sababu zote nyekundu eti zinafanana. Kwenye Scoville, kile kipimo cha ukali wa pilipili, paprika tamu iko chini kabisa, mamia tu au hata sifuri, wakati cayenne, pilipili kali ya unga, inasomeka elfu 30 mpaka 50. Kijiko kimoja cha chakula cha hiyo na chakula hakiliki.

Na kama una kali peke yake na pishi linataka tamu, weka robo ya kipimo, jaza kwa nyanya ya kopo au hoho kama pale juu, na mwisho tia krimu au mtindi.

Huna paprika kabisa ila una pilipili nyingine za unga? Kashmiri ya India ndo ndugu wa karibu kwa rangi, nyekundu inayong'aa, inawasha kuliko paprika ila sio ya kutisha, anza na nusu ya kipimo. Ancho ya Meksiko ni tamu na nzito, ina ladha kama ya zabibu kavu, lakini itafanya mchuzi uwe mweusi mweusi. Ya Aleppo ni ya chenga, ina mafuta mafuta na mara nyingi imetiwa chumvi, nzuri kunyunyizia, kwenye mchuzi laini utaona vipande. Gochugaru ya Korea ina utamu na harufu karibu ya moshi, na ukali wa wastani, nusu ya kipimo inatosha kuanzia.

Ule mchanganyiko wa Kimarekani wa kupikia chili, usiutumie kama paprika. Ndani una bizari nyembamba, kitunguu saumu na oregano, kwa hiyo unabadilisha mlo mzima sio kiungo kimoja. Manjano nayo inaleta rangi ya njano na ladha yake ya udongo, sio mbadala, ingawa kila mara kuna mtu anaipendekeza.

Kutengeneza yako inawezekana ukiwa na subira. Chukua hoho nyekundu kabisa zilizoiva, toa mbegu na utando, kata vipande vyembamba, kausha kwenye oveni nyuzi 50 hadi 60 mlango ukiwa wazi kidogo, saa nane au kumi au zaidi, mpaka kipande kivunjike kikakata kwa sauti. Kikijikunja bado. Acha vipoe ndo usage, chekecha. Usishtuke ukipata kidogo, hoho zaidi ya asilimia 90 ni maji, kilo nzima inakupa chini ya gramu 80. Haitakuwa na nguvu ya ile ya Hungaria kwa sababu pilipili za paprika ni za aina nyingine, zina nyama nyembamba na rangi nyingi zaidi, ila harufu yake ikiwa mbichi hivyo ni tamu ajabu.

Umeshaharibu tayari

Moshi umezidi: ongeza wingi, nyanya, viazi, supu, krimu, na mwisho limao au siki kidogo. Utapungua, hautaisha. Ukali umezidi: maziwa, mtindi, krimu, sio maji. Mchuzi una ladha ya unga mbichi: pasha mafuta kidogo pembeni, toa kwenye moto, tia paprika nusu kijiko, mimina yote kwenye mchuzi uchemke dakika kumi. Imeungua na ni chungu: mwaga. Usiongeze sukari, nimefanya hivyo mara mbili na mara zote nilipata uchungu wenye sukari.

Kuhifadhi

Nunua kidogo kidogo. Mwanga na joto vinaua rangi na harufu, kwa hiyo ile rafu nzuri juu ya jiko ndo mahali pabaya kuliko pote, kopo la giza kabatini mbali na jiko ndo kwake. Ikifunguliwa, miezi sita ndo raha yake, mwaka mmoja mwisho. Na usinyunyizie moja kwa moja kutoka kwenye kopo juu ya sufuria inayochemka, mvuke unaingia, unga unaganda mabonge. Chota kwa kijiko kikavu.

Kuna na wadudu, vile vibawakavu vidogo vya kahawia, wanaipenda paprika kuliko viungo vingi. Ukiona unga una nyuzi nyuzi au unatembea, tupa kopo zima halafu kagua na majirani zake kabatini. Mi ya akiba naiweka friza kwenye chombo kisichopitisha hewa, na nikiitoa naiacha ipate joto la chumba kabla sijafungua mfuniko, la sivyo unyevu unaingia na mabonge yanarudi palepale.